Tiara ya Bluu Niliyokupa Silanga

Kawangware, steji ya Kongo, Nairobi.
Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa pili.

Kwako ndugu yangu Benard Opondo, Baba Aketch,

Nakusalimu sana wewe, na Mama Aketch, na mama mzee, na wote wenye wanakula sufuria moja na nyinyi huko Oyugis. Sisi huku tuko, Mungu ametubeba. Mama Sella alisumbuliwa na mgongo mwezi wa kumi na mbili, lakini sasa anafua mwenyewe na kelele zake zimerudi kwa nyumba. Sella alipata kazi kwa duka la dawa kule Ayany na anakuulizia kila mara. Anasema hajawahi kuona mtu mwingine mwembamba hivyo akimaliza ugali ya watu watatu. Natumaini mvua huko kwenu haijawasahau, na kile kifua chako kimeacha kuuma wakati wa baridi.

Barua hii inaletwa na Ojwang, binamu yako, kwa mkono. Simu nimepiga mara nyingi. Najua siku hizi hushiki simu ya mtu yeyote wa tiara, na sikulaumu. Wacha niseme ukweli hata hapo: kila mara simu ililia bila kushikwa, mimi nilishukuru. Kuna maneno mtu hawezi kusema kwa simu kwa sababu simu inakupa nafasi ya kukata. Karatasi haina mahali pa kukatia.

Kitu imenikalisha chini ni habari Ojwang alinibebea baada ya Krismasi. Aliniambia kanisa lenu lilitaka mlango wa chuma, wakakuletea mashini ya kuchomelea na vyuma mpaka kwa boma, na wewe ukakataa. Ati ulisema hii mikono yako siku hizi haikusikii, unaituma kitu na hujui kama imefanya ama haijafanya. Ati hata kikombe cha chai unashika na mikono miwili kama mgonjwa. Ojwang alikuwa anasema hivyo akicheka kidogo, vile watu hucheka mtu wao akianza kuharibika. Mimi nilikuwa na suruali ya mteja kwa mashini. Wakati nilishtuka nilikuwa nimeshona mfuko wote ukafungwa.

Ni hiyo mikono yako ndiyo imenifanya niandike, Opondo. Nisome mpaka mwisho. Hata ukikasirika katikati, usirarue.

Wacha nianzie mbali kidogo, kwa sababu nikianzia karibu nitatoroka. Unakumbuka ile bale ya mahema ya mitumba nilinunua soko ya Gikomba, nikitaka vitambaa vya kushonea miavuli ya bodaboda. Ndani ikatoka begi na kitambaa yenye hatukuwa tumeona, nyepesi, bluu, imegawanywa mifuko mifuko kama godoro, na kamba nyembamba zaidi ya mia. Nilidhani ni parachuti ya mtu alikufa. Nilikuwa tayari nimechora na chaki nianze kukata, ukaingia na aproni yako ya ngozi imepasuka. Ukanishika mkono wa mkasi. Ukaniambia, Mulembe, vile ulikuwa unaniita kwa sababu ya salamu ya kwetu, hapo unataka kuchinja ng'ombe ya maziwa ndio upate ngozi ya kiatu. Tukakaa na simu yako siku mbili tukiangalia video za wazungu kwa ufuo wa bahari, wanavutwa na tiara kama hiyo wakiwa wamekaa kwa vigari vya magurudumu matatu, wengine wamesimama juu ya ubao wa magurudumu, wanakimbia kuliko pikipiki na hakuna petroli. Ulisema hicho kigari si kitu, ni kitanda cha chuma na wilbaro imeoana. Na kweli ulikiunda na miguu ya kitanda na magurudumu matatu ya wilbaro, pale kwa karakana yako mtaa wa Olympic, watu wakikuuliza ni kiti cha mgonjwa gani.

Siku ya kwanza Kamukunji, pale uwanjani Kibera, bado nacheka nikikumbuka, na sijacheka sana hii miaka miwili. Nilishika mishikio mimi, vile vyuma viwili vya kushikia kamba, kwa sababu nilisema kitambaa ni yangu. Upepo ukaja kutoka upande wa reli. Nilienda hatua tano bila kuguswa na ardhi, na kilo zangu tisini na nane, nikashuka na magoti kwa ile vumbi. Wale vijana wa kucheza mpira wakaacha mpira. Mmoja akaniitia, fundi, ukifika Rongai utupigie simu! Mwingine akasema mzee wa nguo amepanda ndege bila tiketi. Wewe ulikuwa umelala chini unashika tumbo. Mimi nilikuwa nimepasua suruali, na nilikuwa na furaha yenye sikuwa nimesikia tangu niondoke kwetu Bungoma nikiwa kijana.

Ndio kukaanza ile yetu. Shivachi wa mjengo akaja, Wabwire akaja, na Waruguru mwenye anauza mapazia hapa soko ya Kawangware, mwenye tulimchekelea siku ya kwanza na siku ya tatu alikuwa anasimama kwa ubao kutushinda wote. Watu wa Gikomba wakajua. Bale ikifunguliwa na itoke kitambaa ya aina hiyo, wananiita, fundi, parachuti zako zimekuja. Tulinunua zilizopasuka, mimi nikashona, tukabadilishana. Mwenye ana kubwa anataka ndogo, mwenye amenenepa anataka kubwa. Jumamosi duka yangu ilikuwa soko, watu wamekaa juu ya cherehani wanatetea rangi.

Na ni wewe ulituletea sheria. Ilikuwa baada ya Wabwire kumpatia Shivachi ile ya kijani yenye kamba moja ilikuwa fupi, ikampeleka kwa mtaro wa maji taka na nguo za kanisa. Ulisema tangu siku hiyo, mtu akibadilisha tiara, aipandishe kwa upepo mbele ya mwenye anachukua, na huyo mwenye anachukua aiue mara tatu kwa mkono wake mwenyewe. Kuiua ni kuachilia mishikio yote miwili. Mikanda ya mkononi inabaki imevuta zile kamba za chini, za breki, na tiara inakunjika na kuanguka kama shati imetoka kwa kamba ya nguo. Ikifa mara tatu, ni yako. Isipokufa hata mara moja, hakuna biashara. Ulisema tiara yenye inajua kupanda tu ni adui, ile inajua kufa ndiyo rafiki. Tuliona ni maneno ya mtu anapenda kuhubiri. Lakini tuliifuata.

Mpaka ile Januari.

Wewe ulikuwa na ile kubwa nyekundu ulinunua kwa yule mzungu alikuwa anarudi kwao. Ilikuwa nzuri lakini ilikuwa inakudharau. Msumari wa inchi sita kama wewe, ilikuwa inakutoa kwa kigari kama jino. Mimi nilikuwa na ile ya bluu, ile ya kwanza, na hiyo ilikuwa imechoka na mimi, upepo ukipungua kidogo inakataa kunivuta. Kila mtu alikuwa anasema, nyinyi wawili mmeolewa vibaya, badilishaneni. Tukakubaliana tukutane Silanga, pale kando ya dam, juu ya yale mashamba ya sukuma, Jumapili baada ya kanisa.

Unakumbuka upepo ulikataa. Tulikaa pale tukanunua mahindi ya kuchoma, tukangoja, moshi ya makaa ya wale akina mama ilikuwa inapanda wima kama mlingoti. Ukasema basi tungoje Jumapili ingine tuiue mara tatu. Na ni mimi nilisema hapana. Nilikuambia, Baba Aketch, sisi ni wa kuuana tiara kweli? Si unajua mkono wangu. Ulicheka. Ulisema ni kweli, sindano ya Mulembe hata Mungu anaweza kuvaa. Tukapeana, nikakukumbatia, nikabeba nyekundu nikapanda nayo mpaka Kawangware kwa miguu nikiwa na haraka, na jua ilikuwa kali na sikuisikia.

Wiki tatu baadaye tukaenda Magadi na pikapu ya Wabwire. Ile siku unaijua, lakini nataka uone venye mimi niliiona. Ardhi ya ziwa kavu ilikuwa nyeupe, ngumu, tambarare mpaka macho yanauma. Upepo ulianza saa nane. Shivachi alienda, akarudi. Mimi nilienda na nyekundu, nikarudi. Alafu wewe. Waruguru alikuwa amesimama pale kwa tairi tulikuwa tumeweka ya kuzungukia, ubao wake kwa kwapa, anangoja zamu. Ulizunguka mara mbili vizuri, ukipiga mluzi. Mara ya tatu upepo ukaja kwa nguvu, wote tuliona vumbi ikija kama ukuta, na gurudumu moja la kigari likapanda juu. Tulianza kupiga kelele, achilia! achilia! Na tiara haikufa. Iliegemea upande mmoja ikaanza kuzunguka, kama kuku imekatwa kichwa, na kila ikizunguka inakuvuta. Kigari kikampata Waruguru kwa mguu, juu ya goti. Wewe ikakutoa kwa kiti, ikakuburuta na kifua mpaka ikagonga chini yenyewe.

Wote walikimbilia Waruguru. Wewe mwenyewe ulikuwa unatambaa kwenda kwake, mishikio inaning'inia kwa mikanda. Mimi peke yangu nilikimbilia tiara. Hakuna mtu aliona hiyo ni ajabu. Mimi ni fundi, kila siku ni mimi naikunja.

Jumapili iliyofuata tulikaa kwa duka yangu, Waruguru akiwa bado hospitali na vyuma kwa paja. Ulisema uliachilia. Ulisema mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili pole pole. Shivachi alisema hapa kuna mambo mawili tu, ama tiara ilikataa ama mtu alikataa, na mtu akiogopa mikono hufunga, hata yeye amewahi kufunga, si aibu. Alafu akanigeukia akasema, fundi, wewe ndiye uliibeba nyumbani, ndiye uliiangalia, sema.

Nikasema, tiara iko sawa.

Hukunibishia. Hiyo ndiyo sijawahi kusahau. Uligeuza viganja vyako juu ukaviangalia, kama mtu amepewa barua kwa lugha hajui, ukasema, basi ni mimi.

Baada ya hapo ulikuwa unakuja kwa duka yangu mchana bila kazi. Unashika ukingo wa meza yangu ya kukatia, unaachilia. Unashika, unaachilia. Ukaniuliza siku moja kama naona vidole vinachelewa. Nikaangalia hivyo vidole, vidole vya mtu anaweza kuunganisha nyaya mbili kama unywele bila miwani, na nikakuambia, labda kidogo.

Mwezi wa nne ukafunga karakana. Mwezi wa tano mkapanda basi.

Sasa nikuambie habari ya Waruguru. Alikuja kwangu Jumanne moja mwezi uliopita, na fimbo, amevaa viatu moja ya chini moja ya juu kidogo. Alitaka nimshonee mkanda wa kiti cha kigari. Anasema kwa ubao hatasimama tena, daktari amemwambia wazi, lakini hakuna daktari amemwambia asikae. Akakaa kwa kile kiti cha wateja, akakuulizia. Nikamwambia hayo ya Ojwang, ya mlango wa kanisa. Akalaza fimbo juu ya magoti. Alafu akasema kuna kitu amekaa nayo miaka miwili na alidhani ni maumivu ilimchezea kichwa. Kabla kigari kumfikia, alisikia chuma ikigonga chuma, mara mbili, moja halafu moja. Hiyo sauti anaijua, ni mishikio ikipiga mguu wa kigari. Akaniuliza, fundi, kama mtu bado ameshika, ni nini iligonga?

Nilisimamisha mashini. Nikamwambia yeye kwanza kile sasa nakuambia wewe.

Opondo, tiara haikuwa sawa. Ile Januari, kabla ya Silanga, vitanzi vitatu vya upande wa kushoto, pale kamba ya breki inashika kitambaa, vilikuwa vimeng'oka. Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Nilikuwa na sare za watoto mpaka dari, na uzi wa bluu wa sare ulikuwa kwa mashini. Ule uzi mnene wa mahema ulikuwa umeisha. Nilisema nitavishika tu na huu wa sare, tiara ni yangu mwenyewe, nitarudia vizuri watoto wakishaenda shule. Rangi ilikuwa inafanana kabisa, hata mimi nilikuwa natafuta mshono wangu na kidole. Ukivuta breki pole pole ilikuwa inashika. Lakini uzi wa sare ni wa kushika mfuko wa penseli, si wa kushika mtu wote ameachilia mara moja kwa upepo wa Magadi. Hiyo nilijua. Fundi wa mwaka mmoja angejua.

Sikupanga ubaya. Nataka kuandika hivyo na naona haisaidii. Nilikuwa nataka nyekundu. Pale Silanga, ulipotaja Jumapili ingine, niliona tukingoja utaiua mara tatu na mara ya kwanza hivyo vitanzi vitatoka mbele yako, na utaona mkono wangu umefanya nini, na nyekundu utarudi nayo. Ndio nikakuambia si unajua mkono wangu. Nikajiambia nitakuita kesho nikurudishie huo mshono. Kesho ikawa wiki tatu.

Na Magadi, nilipokimbilia tiara, vitanzi viwili vilikuwa vimetoka, cha tatu kimebaki kinaning'inia kwa uzi kidogo. Kulia kulikuwa kuzima. Ndio sababu ilizunguka badala ya kufa. Nilikunja hiyo sehemu ndani kabla mtu afike. Nyumbani nikaikata na mkasi, nikashona kitambaa kipya, na uzi mzuri. Jumapili wakiniuliza, ilikuwa kweli iko sawa. Ilikuwa na siku nne ya kuwa sawa.

Waruguru hakupiga kelele. Nilikuwa nataka apige. Nilianza kumwomba msamaha akaninyamazisha na ile fimbo, akaigonga kwa simiti. Alisema asije yeye akasamehe wa kwanza akanipunguzia mzigo, kwa sababu mguu wake kila mtu aliona umevunjika, akapata daktari, akapata watu wa kumletea uji. Mikono ya Opondo ilivunjwa hapa kwa hii duka, watu wote wakiwa wamekaa, na hakuna mtu alileta hata maji. Akasema, andika. Usipige simu, utalia na yeye ndiye atakubembeleza, namjua. Alipofika mlangoni akarudi akachukua kitambaa cha mkanda wake. Alisema mkanda atashonewa na mwingine.

Jumapili iliyopita niliwaita wote nikasema kama nilivyokuandikia, bila kuruka. Wabwire alitoka nje akasimama kwa barabara. Shivachi akasema nguo zake nitashona, lakini kamba yake nisiguse tena maisha yangu. Hiyo ni haki. Kazi ya kukagua tiara imechukuliwa na Waruguru, anakagua akiwa amekaa, na ni mkali kuliko mwalimu wa hesabu. Sasa hakuna mtu anapewa tiara bila kuiua mara tatu, hata kama ni ya mamake, hata kama upepo utakataa mwezi mzima. Wanaiita sheria ya Opondo. Walikuwa wanasema Opondo, Opondo, na mimi nimekaa kwa kona ya duka yangu mwenyewe.

Ojwang amebeba nyekundu yako kwa gunia. Niliirusha mara chache baada ya wewe kuenda. Ilinivuta vizuri sana, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Kamba zake nimepima mbele ya Waruguru, lakini usiniamini, pima mwenyewe. Hiyo ya bluu haitapanda tena, Waruguru ameikata vipande mbele yetu. Kigari kiko kwa Wabwire, ekseli bado imepinda. Shivachi alileta fundi mwingine wa kuchomelea akiangalie, Waruguru akamfukuza. Alisema hicho kigari kinajua mwenye kukiunda.

Sikuombi msamaha kwa hii barua. Nikiomba hapa nitakuwa natafuta kitu kwako tena, kama siku ya Silanga. Kitu moja tu nataka ujue, na ukiweza umwambie Mama Aketch, na mama mzee, na wale wa kanisa wenye walikuja na vyuma wakarudi navyo. Uliachilia. Uliachilia kwa wakati, mikono yote miwili, chuma ikagonga chuma mara mbili, na ni mimi sikuachilia.

Nisalimie Mama Aketch, ingawa baada ya kusoma hii pengine hutapeleka salamu yangu. Msalimie Aketch, nasikia anamaliza shule mwaka huu. Mama Sella anawasalimu. Na yeye nimemwambia, na tangu hapo ananipakulia chakula bila kuniangalia. Mama mzee umshike mkono kwa niaba yangu kama atakubali. Mungu akulinde, na upepo wa huko ziwani ukupitie vizuri.

Ni mimi rafiki yako wa zamani,
Wekulo, Baba Sella,
fundi wa nguo.

N.B. Ndani ya bahasha kuna kipande cha kitambaa cha bluu, kama kiganja hivi. Ndicho nilikata. Nilikuwa nimeficha kwa chupa ya vifungo, sikuweza kukitupa. Utaona mahali pawili ambapo uzi ulikatika. Kitanzi cha tatu bado kimeshika. Sijakigusa tangu siku hiyo. Kishike kwa mkono mmoja, kitambaa kwa ule mwingine, uvute mwenyewe.